Naomba Uniandikie, Afande

Mkono unainuka, gari linapunguza mwendo na kuegeshwa pembeni, kioo kinashuka. Katika dakika mbili tatu zinazofuata, Mtanzania wa kawaida anakutana na dola kwa ukaribu asioupata kwingine. Wapo wanaozeeka bila kukanyaga mahakama, na waziri wanamwona kwenye runinga tu, lakini dereva wa bodaboda anayemaliza mwezi mjini bila kusemeshwa na trafiki ni nadra. Kuhusu dakika hizo, vijiweni husikika ushauri wa aina mbili. Wa kwanza unasema jishushe, mwite mkuu, omba msamaha hata kama hujui umekosa nini, mambo yaishe uende zako. Wa pili unasema usikubali kuonewa: mkazie macho, mwambie unazijua haki zako, mtajie jina la mkubwa mmoja. Washauri hawa wanadhani wanapingana. Kwa maoni yangu wanafanya kosa lile lile. Wote wawili wanaligeuza jambo la sheria kuwa jambo la watu wawili waliosimama kando ya barabara, na likishafika hapo, mwenye pingu ndiye mwenye nguvu. Adabu yenye faida mbele ya askari ni ile inayolirudisha jambo kwenye utaratibu: kosa litajwe, liandikwe, kisha lilipiwe au lipingwe mahali panapohusika.

Tuanze na ukali, kwa kuwa hasara zake huja haraka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inasema ni kosa la jinai kumshambulia au kumzuia kwa makusudi askari anayetekeleza wajibu wake, na lugha ya matusi nayo ni kosa linalojitegemea. Kwa hiyo dereva aliyesimamishwa kwa taa ya breki isiyowaka, kosa ambalo lingeisha kwa faini, anaweza kulala mahabusu kwa sababu ya maneno aliyoyasema baada ya kusimamishwa. Wapo wanaobambikiwa kesi kweli, na tutawafikia. Wapo pia ambao kesi yao ya pili waliifungua wenyewe kwa mdomo. Halafu kuna ubinadamu wa kawaida. Askari wa barabarani amesimama juani tangu asubuhi, moshi wa malori unampiga usoni, na daladala iliyosimamishwa imejaa abiria wanaochungulia madirishani. Mtu aliyetukanwa mbele ya hadhira ile hawezi tena kurudi nyuma bila kuonekana ameshindwa, hata kama moyoni anajua hakuwa na sababu ya kusimamisha gari. Dereva anayefoka amemnyima askari nafasi ya kumwachia bila fedheha.

Ukali una ndugu yake aliyesoma. Huyu hafoki, anauliza, "Unajua unaongea na nani?" Kisha simu inatolewa, afande mkubwa anapigiwa, na askari anakabidhiwa simu asikilize. Dar es Salaam na Nairobi zinafanana sana katika hili. Muulizaji pengine hakupaza hata sauti, lakini utovu wake wa adabu unazidi ule wa dereva aliyefoka, kwa sababu amemfundisha koplo kwamba sheria ina watu wake. Na koplo hataimeza fedheha hiyo peke yake. Ataitua kwa dereva wa bajaji anayefuata, ambaye hana namba ya mkubwa yeyote kwenye simu yake.

Kubembeleza, kwa upande mwingine, kunaonekana hakuna madhara, na ndiyo maana kunahitaji maelezo marefu zaidi. "Nisaidie afande." "Tuongee basi." "Tuyamalize hapa hapa." Maneno haya yote yana matumizi halali nyumbani na sokoni. Kando ya barabara, kila moja linaweza kuwa swali la bei. Askari naye hujibu kwa upole huo huo: jua kali leo, hata maji hatujanywa. Wakenya watasema chai, watasema kitu kidogo. Hakuna aliyetamka rushwa, hakuna aliyekosa heshima, na sheria imekwisha vunjwa na wote wawili, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa kama inavyomtia hatiani anayepokea. Adabu na rushwa zimevaa kanzu moja, na dereva mpole kwa asili hujikuta amehonga kwa sababu tu aliona aibu kukataa. Mtu aliyelelewa kutomwacha mgeni au mkubwa aondoke mikono mitupu ana udhaifu hapa ambao mkorofi hana.

Hesabu nayo inadanganya. Faini ya kosa moja la barabarani kwa dereva wa gari kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000. Kwa bodaboda na bajaji, bajeti ya mwaka 2021/22 iliishusha hadi shilingi 10,000, kiasi kinachokaribiana zaidi na kipato cha siku cha chombo hicho. Ukiweka faini hiyo mezani pamoja na noti ya elfu tano iliyokunjwa ndani ya leseni, noti inaonekana nafuu. Lakini faini ina stakabadhi na ina mwisho. Noti haina stakabadhi, na aliyeitoa leo anajulikana kesho. Atasimamishwa pale pale, na safari hii hata kosa halitatajwa.

Kati ya kufoka na kubembeleza ipo sentensi ambayo madereva wazoefu wanaijua: "Sawa afande, naomba uniandikie." Ningeulizwa nichague sentensi moja ifundishwe kwenye shule zote za udereva, ningechagua hii. Inamtaja askari kwa heshima ya kazi yake, inaomba badala ya kuamuru, haina neno la kumkwaza mtu, na papo hapo inafunga mlango wa bei. Askari mwenye kosa la kweli ataandika, itatoka namba ya malipo, na fedha italipwa kwa simu au benki bila kupita mkononi mwake. Askari ambaye hakuwa na kosa la kuandika anapata njia ya kurudisha leseni na kusema nenda, uwe mwangalifu. Dereva asiyelikubali kosa hana lazima ya kulipa hapo, anaweza kusubiri kufikishwa mahakamani, na hilo pia husemeka kwa upole: "Mimi naona nilikuwa chini ya hamsini, afande. Naomba kuiona picha ya tochi. Kama unaona vingine, andika, nitajieleza mahakamani." Sioni unyonge wowote katika maneno hayo. Naona mtu anayejua jambo lake litaamuliwa wapi.

Yanayotangulia sentensi hiyo ni mepesi lakini yana uzito wake. Simama mahali salama, punguza muziki, na kama ni usiku washa taa ya ndani. Mikono ibaki kwenye usukani mpaka uombwe nyaraka. Usiingize mkono ghafla chini ya kiti. Askari wa doria hajui nani yumo ndani ya gari lenye vioo vyeusi, naye anaogopa kama unavyoogopa wewe. Salamu kwanza, "pole na kazi" ikiwezekana, ndipo leseni. Kisha uliza kosa badala ya kulikana kabla halijatajwa. "Samahani afande, naomba kujua kosa langu" na "Nimefanya nini sasa?" yanatafuta jibu moja, lakini la kwanza hupata jibu na la pili hupata swali jingine.

Kuna ugumu mmoja ambao miongozo ya polisi wa Ulaya haiwezi kutusaidia nao. Jamii yetu hupanga heshima kwa umri, jeshi hupanga kwa cheo. Konstebo wa miaka 24 akimsimamisha mzee wa miaka 65, nani aanze kuamkia? Kwa desturi anaanza mdogo, na sare haijafuta umri wa mtu. Askari anayesema "Shikamoo mzee, naomba leseni yako" hajapungukiwa mamlaka hata chembe, na mzee akishaitikia marahaba, nusu ya ugomvi uliokuwa unakuja umekwisha. Mzee naye asimwite "wewe kijana" mbele ya abiria, maana kwa maneno hayo anamvua mtu sare hadharani. "Afande" inatosha kwa askari wa umri wowote. Kwa wanawake tatizo linageuka sura: askari wa kike anaitwa "mrembo" na dereva anayetaka kupunguziwa kosa, na dereva wa kike anaombwa namba ya simu na askari aliyekwisha maliza kukagua bima. Namba ya simu ya mtu si sehemu ya ukaguzi wa gari. "Hapana afande, kama kuna kosa naomba uniandikie" linafaa hapa pia, na ni vizuri lisemwe kwa sauti ambayo mwenzake aliyesimama karibu ataisikia.

Barabara ni sehemu ndogo tu ya habari hii. Kwenye kaunta ya kituo mtu hufika akiwa ameibiwa, amepigwa, au anamtafuta ndugu ambaye hakurudi nyumbani. Anahitaji RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, au namba ya OB kama yuko Kenya. Aliyeumizwa anahitaji fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Neno la kwanza la askari wa kaunta linaamua kama mtu huyo atasema yote aliyonayo au atasema nusu na kuondoka. Madawati ya Jinsia na Watoto yaliwekwa kwenye vituo vya Tanzania kwa sababu hiyo hasa: mwanamke aliyepigwa na mumewe hawezi kueleza kisa chake mbele ya foleni ya wanaume, huku mmoja akimuuliza alimkosea nini mwenziwe. Adabu hapo imekuwa sehemu ya upelelezi, kwani anayemkatisha shahidi anaukata ushahidi. Mlalamikaji naye ana lake la kufanya. Aeleze kwa mpangilio, kisha kabla ya kuondoka aseme: "Naomba jina la mpelelezi wangu na siku ya kurudi." Ni ombi laini, ila jalada lenye jina la mtu na tarehe ni gumu zaidi kusahauliwa. Akiambiwa gari la polisi halina mafuta, na wengi huambiwa hivyo, aombe kuonana na mkuu wa kituo badala ya kuanza kuchangisha.

Kwa anayekamatwa, sheria imekwisha mwandalia maneno. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aelezwe sababu ya kukamatwa, aambiwe kabla ya kuhojiwa kwamba halazimiki kujibu maswali zaidi ya yale ya kumtambulisha, na aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Nchini Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inasema aelezwe kwa lugha anayoielewa na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Haki zote hizi hudaiwa kwa sauti ya chini kuliko watu wanavyodhani. "Afande, niko tayari kutoa ushirikiano, ila nitaandika maelezo ndugu yangu akiwepo." Wakija kupekua nyumba: "Karibuni. Naomba kuiona hati, na naomba mwenyekiti wa mtaa awe shahidi." Neno karibuni halijamnyima mwenye nyumba haki yoyote. Limewafanya waliokuja usiku na tochi kuwa wageni wanaotazamwa, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa itasainiwa mbele ya jirani.

Hapa atasimama msomaji na kusema haya ni mafunzo ya unyonge. Kwa nini aliyesimamishwa bila kosa ndiye afundishwe kusema vizuri? Hoja hiyo ina uzito, na historia inaibeba. Askari wa Mjerumani alitembea na kiboko, na adhabu ya hamsa ishirini, viboko 25 hadharani, iliingia katika kumbukumbu za wazee kwa jina lake. Polisi ya Tanganyika chini ya Mwingereza ilianzishwa mwaka 1919, makao yake yakiwa Lushoto, kuitumikia serikali iliyotaka kodi na utulivu, na ambayo haikuwa na haja ya kuulizwa kosa ni nini. Adabu mbele ya askari wa aina hiyo ilikuwa kuvua kofia na kutazama chini. Anayeichukia ana haki ya kuichukia. Lakini adabu ninayoitetea haifanani na ile. Mtawaliwa alimnyenyekea mtu kwa sababu mtu huyo angeweza kumpiga. Raia anaiheshimu kazi, kwa sababu kazi ina kanuni ambazo hata aliyevaa sare hawezi kuzikwepa. Ninaweza kuamini kabisa kwamba askari aliye mbele yangu ni mla rushwa, na bado nikamwita afande. Sijamsifu, nimemkumbusha cheo ambacho kina mkubwa wake na kina kitabu chake.

Wala mzigo haulingani pande mbili, na asiyekiri hilo hazungumzii polisi tunaowajua. Mwenye bunduki, pingu na funguo za mahabusu ndiye mwenye wajibu mkubwa wa adabu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inataka utu wa mtu uheshimiwe katika shughuli zote za upelelezi na uendeshaji wa kesi za jinai. Katiba ya Kenya, Ibara ya 244, inataka polisi wafunzwe kuheshimu haki za binadamu na utu. Sijaona katiba inayomtaka raia awe mchangamfu. Inafaa kuzitazama hata kauli mbiu za majirani hawa wawili: polisi wa Kenya wanasema "Utumishi kwa Wote", yaani wanaahidi wao, wa Tanzania kwa miaka mingi wamesema "Utii wa sheria bila shuruti", yaani wanaomba kutoka kwetu.

Askari nao wana pingamizi lao. Watasema wananchi hawaelewi lugha nzuri, na kwamba afande mpole huchezewa. Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Mwanasaikolojia wa Marekani Tom Tyler aliwahoji wakazi wa Chicago, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alionyesha kwamba watu hutii sheria zaidi wanapoona wametendewa kwa haki na kwa heshima kuliko wanapoogopa adhabu. Hata aliyepigwa faini huondoka bila kinyongo kikubwa kama amesikilizwa na kuelezwa sababu. Huko Queensland, Australia, jambo hili lilipimwa barabarani mwaka 2009 na 2010, katika vituo 60 vya kupima ulevi wa madereva. Katika nusu ya vituo hivyo askari waliendelea na mazoea yao. Katika nusu nyingine walimweleza kila dereva kwamba amesimamishwa kwa bahati tu na hashukiwi, wakasema kazi ngumu kuliko zote ni kwenda kuiambia familia kwamba mtu wao amefia barabarani, wakamuuliza maoni yake, wakamshukuru. Mazungumzo hayo yalichukua muda wa dakika moja na kitu. Madereva waliotendewa hivyo waliwaona polisi kuwa waadilifu zaidi na walikuwa tayari zaidi kushirikiana nao. Hakuna sheria mpya iliyotungwa wala gari jipya lililonunuliwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, lakini jaribio hilo lilirudiwa Scotland miaka michache baadaye na matokeo yakawa kinyume: imani ya madereva ilishuka. Watafiti walipochunguza zaidi, mojawapo ya sababu zilizojitokeza ilikuwa askari wenyewe. Walikabidhiwa maneno ya kusema bila kuulizwa, wakajiona wamedharauliwa na wakubwa wao, na dereva akasikia kwenye sauti zao kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Kwangu mimi huu ndio ushahidi wenye faida kubwa kwetu kuliko ule wa Australia. Askari hutoa heshima anayoipata. Anayeamriwa kwa kufokewa gwarideni, anayelala na wanawe kwenye chumba kimoja cha kambi, anayehamishwa wiki moja baada ya kumwandikia faini mtu mwenye jina, huyo hata ukimpa semina ya lugha nzuri kila mwezi, atakuja na hasira zake barabarani.

Kwa bahati, serikali mbili zimekwisha ambiwa hivyo na watu wao wenyewe. Mwaka 2023 Tanzania na Kenya kila moja ilikuwa na jopo la kuchunguza polisi, na kila jopo liliongozwa na Jaji Mkuu mstaafu: Mohamed Chande Othman Tanzania, David Maraga Kenya. Tume ya Jaji Chande, iliyotazama taasisi zote za haki jinai, ilisikia malalamiko ya wananchi kuhusu rushwa na kubambikiwa kesi, ikapendekeza mageuzi yatakayowatoa polisi katika sura ya jeshi na kuwapeleka katika sura ya huduma. Jopo la Jaji Maraga lilieleza hali duni ya maisha ya askari na kupendekeza mishahara yao ipandishwe. Ukizisoma ripoti hizo pamoja unaona kwamba lugha chafu ya kaunta na paa linalovuja la nyumba ya askari ni kesi moja.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote: adabu haizuii risasi. Machi 2020, Nairobi, polisi wakisimamia amri ya kutotoka nje usiku, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Hakumkosea adabu askari yeyote. Hakuwa hata barabarani. Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa na polisi kijijini Nyololo, mkoani Iringa, akiwa kazini. Anayewaambia wafiwa wa aina hii kwamba tatizo ni lugha anawatukana. Nakubali pingamizi hili lote, na ndiyo mipaka ya makala haya. Busara ya kusema na askari inahusu mikutano ya kila siku, ile ya leseni, kaunta na mlango wa nyumba, ambako uamuzi bado uko mikononi mwa mtu anayeweza kushawishika. Penye nia ya kuua au amri ya kupiga, kinachohitajika ni uchunguzi huru, mahakama na jela.

Hata katika mikutano ya kila siku, tabasamu bila kazi halijengi imani. Utafiti uliofanyika katika nchi sita, Uganda ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulichunguza mipango ya polisi shirikishi, mikutano ya vijiji na doria za miguu, na haukuona imani ya wananchi ikipanda wala uhalifu ukishuka. Sababu walizozitaja watafiti zinafahamika kwa yeyote aliyehudhuria kikao cha Polisi Jamii: askari walihamishwa kabla hawajajulikana, wakubwa hawakuupa mpango kipaumbele, na malalamiko yaliyotolewa kwenye mikutano hayakushughulikiwa kwa kukosa nyenzo. Wananchi walisikilizwa kwa heshima, kisha hakuna kilichofanyika. Hiyo nayo ni dharau, tena ya kudumu.

Kwa hiyo ombi langu kwa makamanda wa mikoa ni dogo na linapimika. Kila askari anayesimamisha gari asalimie, ajitambulishe, ataje kosa kabla ya kuomba leseni, na aandike au amwachie dereva ndani ya muda unaoeleweka. Na kila askari atakayefanya hivyo kwa mtu mwenye jina alindwe na mkubwa wake siku simu itakapopigwa. Wewe msomaji, ukikutana na afande asiyefuata hayo, usibishane naye hapo hapo. Soma jina na namba yake, tazama saa, kumbuka mahali, kisha nenda kwa mkuu wa kituo, kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) au kwa kamanda wa mkoa ukiwa umeandika. Tanzania, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya polisi. Kenya, kazi hiyo ni ya mamlaka huru ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Na kama kilichoombwa ni hela ya maji au ya soda, namba ya TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, ni 113, na kuipiga ni bure.